Kodi ya Mwanamke Aishiye Peke Yake

Ukitoka Kindu ukafuata mkondo wa Lualaba unakwenda kaskazini, na kabla ya kufika Ubundu utapita Lokandu, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto. Katika vitabu vya safari vya karne ya 19 mahali hapa panaitwa Riba-Riba. Baadaye, chini ya Wabelgiji, jina la Lokandu lilisikika mbali kwa sababu ya kambi ya kufundishia askari wa Force Publique, jeshi la koloni. Vijana waliletwa hapo kutoka vijiji vya mbali, wakafundishwa gwaride na bunduki, wakapewa posho na mshahara. Anayetaka kujua jinsi serikali zilivyohangaika na biashara ya ngono katika Kongo ya mashariki atafanya vyema kuanzia hapa kabla ya kwenda kwenye mahakama za Kinshasa. Sheria ilikuja nyuma ya kambi, nyuma ya reli na nyuma ya mgodi. Ilikuja baada ya wanaume wenye pesa kukusanywa mbali na kwao.

Kabla ya Wabelgiji, Riba-Riba ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Baadhi yao walikuwa na asili ya pwani na Unguja, wengine walikuwa watu wa Maniema waliosilimu na kujiita Waungwana. Nyumba kubwa zilikuwa na masuria. Sheria ya Kiislamu iliwatambua wanawake hao na kuwawekea masharti: suria ni mtumwa, bwana wake ana haki ya kulala naye, akimzalia basi mtoto ni huru, na mama hauzwi tena. Huo si ukahaba, wala hakuna aliyeuita hivyo. Lakini ulikuwa mpango wa kisheria ulioamua nani anaruhusiwa kuufikia mwili wa mwanamke bila mwenyewe kuulizwa, na kila mpango uliofuata ulipita juu ya msingi huo. Hata Waingereza waliojisifu kwa kufuta utumwa waliusogelea kwa woga. Amri ya Zanzibar ya Aprili 1897 iliwaacha masuria nje, na ilichukua hadi 1909 kuwaingiza. Kwa miaka 12, mtumwa wa shambani aliweza kwenda kudai uhuru wake, na mwanamke wa chumbani akabaki alipo, kwa sababu serikali haikutaka kuwaudhi wenye nyumba.

Mwaka 1892 Arthur Hodister, wakala wa kampuni ya biashara ya Kibelgiji, alikuja kufungua vituo katika eneo hili, akauawa yeye na wenzake karibu na Riba-Riba. Vita vilivyofuata, kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara hao, walioitwa Waarabu, vinajulikana. Majeshi ya Dola chini ya Francis Dhanis yaliingia Nyangwe mwezi wa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa Aprili, na ofisa mwenzake Louis Chaltin alipofika Riba-Riba mwaka huo aliikuta imeungua na wenyewe wameihama. Jambo linalosahauliwa ni kilichowapata wanawake. Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba imekuja kukomesha utumwa, lakini wanawake wengi waliokombolewa kutoka kwa Waarabu waligawiwa askari. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika msafara wa Dhanis na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1897, anaonyesha jeshi linalotembea na umati wa wanawake nyuma yake, wakipika, wakibeba, wakilala na askari. Maofisa walikuwa na hesabu yao. Askari mwenye mwanamke hali vibaya, haugui ovyo, hatoroki.

Kambi kama ile ya Lokandu zilirithi hesabu hiyo, ila baadaye zikaivika ndoa. Askari alihimizwa kuishi na mke, akapewa nyumba, na mke akawa sehemu ya nidhamu ya kambi. Ofisa mzungu naye alikuwa na mwanamke wake, aliyeitwa kwa Kifaransa "ménagère", mtunza nyumba, ingawa kila mtu kambini alijua kwamba hakuajiriwa kufagia tu. Wakubwa wa Bruxelles na wa Boma, makao ya serikali ya koloni wakati huo, walikemea mtindo huo mara kwa mara kwa barua, na maisha yakaendelea. Mwanahistoria Amandine Lauro ameandika kitabu kizima juu yao. Anayekisoma atagundua kwamba swali lililowakera wakubwa lilikuwa heshima ya mzungu mbele ya watu weusi. Mwanamke mwenyewe anatajwa pale anapoleta aibu au ugonjwa.

Halafu ikaja reli. Kampuni ya reli ya CFL ilimaliza kipande cha Kisangani hadi Ubundu mwaka 1906, na kile cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, mwishoni mwa 1910. Kati ya Ubundu na Kindu mizigo ilipanda kwa meli, ikipita mbele ya Lokandu. Kindu pakawa mahali pa kushusha na kupakia, na mahali pa kungoja. Makarani, mabaharia, mafundi wa treni, wapagazi, na baadaye wachimbaji wa bati waliokuwa wakienda na kurudi kutoka Kalima na Kailo, wote walipita hapo na mishahara mifukoni. Wanawake nao walikuja. Walikimbia kilimo cha lazima, au ndoa waliyopangiwa, au kurithiwa na shemeji baada ya kufiwa. Waliuza mihogo, samaki, pombe. Baadhi waliuza ngono. Wengine waliishi na baharia mmoja msimu huu na mwingine msimu ujao, wakimpikia na kumfulia, wasihesabu hilo kuwa biashara. Mjini waliitwa ndumba, neno lenye sifa na lawama ndani yake kwa wakati mmoja.

Serikali ilipowatazama haikuweza kuwatofautisha, na sidhani kama ilijitahidi. Ilichofanya ni kuwatoza.

Agizo la tarehe 23 Novemba 1931 liliipa miji ya Waafrika umbo la kisheria. Miji hiyo ilitengwa na utawala wa machifu wa kimila, ikapewa mkuu wake, baraza lake na hazina yake. Hazina inahitaji pesa. Wanaume walikuwa tayari wanalipa kodi ya kichwa, na tangu agizo la Mei 1910 mwenye wake wengi alilipa nyongeza kwa kila mke wa ziada. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa ndani ya mume wake. Nani basi amebaki hajaguswa? Katika miaka ya 1930 likapatikana jibu, na maneno yake yanastahili kusomwa polepole: kodi itamhusu kila mwanamke wa kienyeji, mtu mzima, mwenye afya, "aishiye peke yake kinadharia".

Neno la mwisho ndilo lenye siri. Karani aliyelitunga alijua kwamba mwanamke huyo haishi peke yake. Alijua kuna mwanamume anayeingia usiku na kutoka alfajiri, au wawili, au watano. Lakini hakutaka kuandika kwamba serikali ya Kikristo ya Ubelgiji inatoza kodi ukahaba, kwa hiyo akaandika "kinadharia". Ndani ya kapu hilo moja wakatiwa wajane, wanawake walioachika, wauza pombe, makahaba wa kazi, na wake wa pili ambao serikali ilikataa kuwatambua. Stanleyville (Kisangani ya leo) kodi hiyo ililipwa, Élisabethville (Lubumbashi) ililipwa, Usumbura (Bujumbura) ililipwa. Kwa vitendo risiti ikawa hati ya kukaa mjini, maana mwanamke aliyelipa alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Ndiyo maana baadhi ya wamisionari na maofisa wenyewe walinung'unika: je, si sisi sasa tunaouidhinisha uasherati kwa kuupigia muhuri?

Kwao Ubelgiji walikuwa na mazoea ya kufanana na hayo. Tangu kanuni ya Bruxelles ya 1844, makahaba waliandikwa katika daftari la polisi na kupimwa na daktari kwa lazima. Huo ndio mtindo ulioenea Ulaya baada ya Napoleon: usiuzuie ukahaba, uandikishe, uukague, uuweke mahali pake. Waingereza walijaribu kitu kama hicho kwa sheria za magonjwa ya zinaa za 1864, 1866 na 1869, zilizotungwa kwa ajili ya afya ya askari na mabaharia katika miji ya bandari na kambi. Polisi aliweza kumkamata mwanamke yeyote aliyemshuku na kumpeleka akapimwe kwa nguvu, wakati askari hakupimwa. Mwanaharakati Josephine Butler na wenzake walipiga kelele kwa miaka mingi mpaka zikafutwa mwaka 1886. Kuanzia hapo Uingereza ikashika njia nyingine: kujiuza kwenyewe si kosa, ila kuendesha danguro, kuishi kwa pesa ya kahaba na kusumbua watu barabarani ni makosa.

Ukitaka kuona tofauti ya njia hizi mbili kwa macho, iweke Nairobi kando ya miji ya Lualaba. Nairobi haikuwa na kodi ya wanawake wasio na waume. Kipande, hati ya utambulisho iliyowabana wanaume tangu 1920, hakikuwahusu wanawake. Luise White, aliyewahoji wanawake wazee wa mtaa wa Pumwani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1990, ameeleza jinsi kazi ilivyokuwa na mitindo yake. Watembezi walitafuta wanaume barabarani, na hao ndio polisi waliowakamata. Malaya, kwa maana ya Nairobi ya wakati huo, hakutoka. Alikaa chumbani kwake, mlango umerudishwa, akingoja mtu abishe hodi. Mgeni alipewa maji ya kuoga, chai, chakula, mazungumzo, na kitanda mpaka asubuhi, na alilipa kulingana na alivyohudumiwa. Hakukuwa na ugomvi wala makelele, maana kelele ingewaudhi majirani na kumvunjia heshima. Kuanzia miaka ya 1930 wakaja wa wazi-wazi, wengi wao Wahaya kutoka Bukoba, waliokaa nje ya milango yao na kutaja bei kwa sauti. Wa wazi-wazi walituma pesa nyumbani kwa wazazi. Malaya walijenga nyumba, na sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake.

Serikali ya Nairobi ilijua yote hayo. Ilinyamaza kwa sababu ya hesabu ile ile ya Lokandu: mwanamume anayelipwa mshahara usiotosha kulea familia mjini anahitaji mtu wa kumpikia na kumtunza, na malaya alifanya kazi hiyo bila serikali wala mwajiri kutoa senti. Nikilinganisha, Mwingereza alipata faida hiyo bure, Mbelgiji akaipata na kudai kodi juu yake.

Mwaka 1950 mambo yakachafuka zaidi. Agizo la tarehe 4 Aprili mwaka huo lilisema kwamba kuanzia Januari 1951 ndoa mpya za wake wengi hazitatambuliwa, na wake wa ziada wasikae mijini. Katika miji yenye Waislamu wengi, na Maniema ni kitovu chao katika Kongo, agizo hilo liligeuza nyumba nyingi kuwa uongo wa kiserikali. Mke wa pili aliyeolewa baada ya hapo mbele ya sheikh na mashahidi, mahari imelipwa, hakuwa mke katika daftari. Alikuwa mwanamke aishiye peke yake kinadharia. Akalipa kodi ambayo mtaani kila mtu aliijua kuwa ni ya malaya. Maofisa walilalamika juu ya kile walichokiita ndoa ya wake wengi iliyojificha, bila kukiri kwamba waliomficha mke ni wao.

Uasi ulitokea Usumbura, Bujumbura ya leo, katika mtaa wa Buyenzi. Huo ni mtaa wa Waswahili, na wengi wa watu wake wa kale walikuwa na asili ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakiwemo Wamanyema. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa mtaa huo walikataa kulipa. Wajane waliokuwa wakifunga na kuswali, wanawake wenye wajukuu, walisema hawatatoa pesa kwa jina la umalaya. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika habari yao mwaka 1991, na ninaiona kuwa moja ya habari muhimu zaidi za siasa za wanawake katika Kongo na Burundi za kikoloni, ingawa haimo katika vitabu vingi vya shule. Kiwango cha kodi kilikuwa jambo dogo kwao. Walichokataa ni kuandikwa.

Wakati huo huo, katika kitabu kingine cha sheria, koloni ilikuwa inasema jambo tofauti kabisa. Kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, ambayo ndiyo shina la kanuni ya Kongo hadi leo, haimwadhibu anayejiuza. Katika sura yake ya maadili vifungu vilikuja kumlenga kuwadi, mwenye danguro na anayevuna kwa ukahaba wa mwingine, kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Kuwadi anaelezwa kuwa ni mtu anayeishi, kwa sehemu au kwa ukamilifu, kwa mgongo wa mtu ambaye ukahaba wake anautumia kujinufaisha. Kwa kipimo hicho hazina za miji zilizokula kodi ya ndumba zilikuwa na kesi ya kujibu, lakini hakuna hakimu aliyethubutu. Ubelgiji yenyewe iliachana na daftari la makahaba kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1948, miaka miwili baada ya Ufaransa kufunga madanguro yake. Kongo, kodi ikaendelea.

Baada ya uhuru daftari halikufa mara moja. Wizara ya afya iliendelea kutoa kadi kwa makahaba na kuwapima, mpaka utaratibu huo ukaachwa katika miaka ya 1980. Senegal, iliyorithi mtindo huo kutoka kwa Wafaransa, imeushikilia: mwanamke wa miaka 21 na zaidi anaandikishwa, anapewa daftari la afya, anapimwa kila baada ya muda. Wanaousifu wanataja udhibiti wa ukimwi. Ila wanawake wengi hawajiandikishi, kwa sababu ile ile ya Buyenzi.

Oktoba 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Mambo waliyotendewa wanawake wa Maniema katika miaka iliyofuata si ukahaba na hayafai kutajwa kwa jina hilo. Lakini vita viliacha njaa, na njaa iliwapeleka wasichana mlangoni kwa wenye chakula. Walipokuja walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ambao Kindu ilikuwa mojawapo ya vituo vyao, wakaja na dola. Tarehe 9 Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka unaokataza watumishi wake kutoa pesa, ajira au bidhaa kwa ajili ya ngono, na kulala na yeyote aliye chini ya miaka 18. Baada ya kashfa za ngono za walinda amani huko Bunia, ripoti ya Mwanamfalme Zeid wa Jordan ya Machi 2005 ilikiri kwamba waraka ulikuwa ukivunjwa waziwazi.

Hapo pana jambo ambalo wachache wameliona. Sweden ilikuwa imepitisha, kuanzia Januari 1999, sheria ya kumwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Norway na Iceland zilifuata mwaka 2009, Ufaransa mwaka 2016. Kwa waraka ule wa 2003, kanuni hiyo hiyo ilifika Kindu, ila ilimhusu mwanamume mmoja tu, mwenye kofia ya buluu. Askari wa serikali aliyeketi meza ya pili katika baa ile ile hakuwa na katazo lolote la namna hiyo.

Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyoibadili kanuni ya adhabu, ilizaliwa na vita hivyo. Ni sheria ya ukatili wa kingono, na ukahaba umo ndani yake kama mpangaji: kuna kifungu cha ukahaba wa kulazimishwa, cha utumwa wa kingono, cha kuwadi, na kile kinachompa miaka 5 hadi 20 mtu anayemtumia mtoto wa chini ya miaka 18 kwa ngono ya malipo. Mtu mzima anayejiuza kwa hiari yake hatendi kosa kwa tendo hilo peke yake. Baadhi ya nchi za Afrika Mashariki zimechagua njia kali zaidi. Uganda inampa kahaba hadi miaka 7 jela, Tanzania ina kifungu cha 176 kuhusu watu wazembe na wakorofi, Kenya inawatumia askari wa kaunti na sheria ndogo za mji. Mbali zaidi, New Zealand iliondoa ukahaba katika jinai mwaka 2003, na Ubelgiji, bwana wa zamani, ilifanya hivyo mwaka 2022. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 anayefanya kazi hiyo Bruxelles anaweza kuwa na mkataba wa ajira, likizo ya uzazi na pensheni.

Sitapendekeza Kindu iige Bruxelles. Mkataba wa ajira ni maneno matupu mahali ambapo hata mwalimu anangoja mshahara wake kwa miezi. Wala njia ya Uganda sioni imemwokoa nani. Lakini katika historia yote hii, kutoka Riba-Riba hadi leo, naona swali moja linalopima sheria vizuri kuliko majina ya mitindo: nani anapokea pesa mlangoni? Zamani alikuwa mkusanya kodi. Leo, kwa malalamiko yanayotolewa na wanawake wenyewe katika miji mingi ya Kongo, ni askari wa doria anayewakamata usiku kwa kisingizio cha usalama wa umma, akachukua walichokipata na kuwaachia. Mbelgiji angalau alitoa risiti.

Wabunge wa mkoa wa Maniema na waendesha mashtaka wa Kindu hawana haja ya kungoja mjadala wa Kinshasa. Mtu anayemnunua mtoto ana kifungu chake. Mtumishi wa serikali anayedai pesa isiyo halali ana kifungu chake pia. Vyote viwili vimo katika kanuni ya adhabu, na vitumike.